Waya wa Tatu

Msomaji wangu, nataka tuianze safari yetu katika karakana ndogo iliyo nyuma ya nyumba ya fundi. Tusimpe fundi huyu jina, kwa maana walio mfano wake ni wengi. Amejifunza kazi katika viwanda vya watu, ameweka akiba shilingi kwa shilingi, na hatimaye amenunua kerezo kuukuu, yaani mashine ya kukerezea vyuma, kutoka katika kiwanda kilichofungwa. Limeletwa kwa lori, limeshushwa kwa kamba na magogo na watu sita wenye nguvu, limesuguliwa kwa mafuta ya taa hata likang'aa. Sasa fundi ainama kusoma kibao kilichopigiliwa ubavuni pa mota. Kibao chasema: volti 415, fezi 3. Kisha ainua macho, atazame mahali umeme uingiapo nyumbani mwake. Hapo pana nyaya mbili tu za kumfanyia kazi, mmoja wa kuuleta umeme na mmoja wa kuurudisha, na volti zake ni 240.

Hapo furaha yake huingia doa. Mashine ni nzima, umeme upo, na mwenyewe aijua kazi; lakini mashine yataka nyaya tatu zenye umeme, naye anao mmoja na mwenzake wa kurudishia. Akienda kuuliza gharama ya kuletewa nyaya nyingine mbili kutoka njia kuu, huenda akaambiwa kiasi kinachoipita bei ya kerezo lenyewe.

Wengi huishia hapo, na kerezo hugeuka kuwa kiota cha kuku. Lakini tukiuliza ni nani aliyeamua kwamba kiwanda kipewe nyaya tatu na nyumba mbili, na kwa nini ziwe tatu wala si nne au tano, tutaona kwamba swali la fundi huyu lina historia ndefu, na kwamba wakubwa wa elimu ya umeme walikwisha kulitolea jasho kabla yake.

Katika karne ya kumi na tisa, mwenye kiwanda huko Uingereza au Ujerumani alikuwa na mashine moja kubwa ya mvuke, imekaa katika chumba chake peke yake kama sultani. Humo ilitoka shafti ndefu ya chuma iliyopita chini ya dari toka mwisho mmoja wa jengo hadi wa pili, na katika shafti hiyo iliteremka mikanda ya ngozi, kila mmoja ukiendesha kerezo lake au keekee yake. Shafti ilizunguka kutwa, zikifanya kazi mashine zote au moja tu. Sehemu kubwa ya nguvu ilipotea katika msuguano na katika mapepeo ya mikanda. Tena mikanda hiyo haikuwa na huruma. Mkono wa shati ukinaswa, mtu alichukuliwa juu pamoja nao. Ama fundi mdogo mwenye kerezo moja, hakuweza kununua mashine ya mvuke. Yeye alikanyaga kwa mguu, kama afanyavyo fundi cherehani.

Kwa hiyo habari za mota ya umeme zilipoanza kuenea, waliozisikiliza kwa hamu si wenye viwanda peke yao. Mota ndogo ingeweza kuwekwa chini ya kerezo moja, katika chumba kimoja, na kuzimwa kazi ikiisha. Mwaka 1882 Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme katika mtaa wa Pearl, New York. Umeme wake ulikuwa wa mkondo mnyoofu, yaani uliokwenda upande mmoja daima kama maji ya mto, na mota zake zilifanya kazi vizuri. Ila aibu yake ilikuwa moja: haukuweza kwenda mbali. Ukiupeleka zaidi ya maili moja hivi, nguvu huishia njiani kwa kupasha nyaya moto, au ununue shaba nyekundu nyingi kupita kiasi.

Dawa ya umbali ilikuwa mkondo geu, yaani umeme ambao huenda na kurudi mara nyingi kila sekunde. Mkondo huu hupandishwa volti kwa transfoma, ukasafiri mbali katika waya mwembamba, kisha ukashushwa tena kwa matumizi. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa Budapest, Zipernowsky, Bláthy na Déri, walitengeneza transfoma iliyofaa kweli kwa kazi hiyo. Taa ziliwaka. Lakini hakukuwa na mota nzuri ya mkondo geu. Dunia ikajikuta ina umeme mmoja uendeshao mashine lakini usioweza kusafiri, na mwingine uwezao kusafiri lakini usioweza kuendesha mashine.

Fumbo hili lilifumbuliwa karibu wakati mmoja na watu ambao hawakuwa wakishirikiana. Katika mji wa Torino, Italia, alikuwako profesa mpole aitwaye Galileo Ferraris. Nakuomba, msomaji, ufanye jaribio dogo ili ulione wazo lake. Funga jiwe kwa uzi, ulining'inize, ulisukume kidogo kwenda kaskazini. Litabembea kaskazini na kusini. Sasa, lifikapo mwisho wa bembea yake, lisukume kidogo kwenda mashariki. Tazama: halibembei tena, linazunguka. Misukumo miwili ya kwenda na kurudi, mmoja ukichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, imezaa mzunguko. Ferraris alifanya vivyo hivyo kwa sumaku. Mwaka 1885 alipanga koili mbili za waya zikikingamana, akapitisha katika kila moja mkondo geu, mkondo wa pili ukichelewa nyuma ya wa kwanza, na kopo dogo la shaba lililowekwa katikati likaanza kuzunguka bila kuguswa na kitu. Aliitangaza kazi yake mwezi wa Machi 1888. Hakutaka hati ya kumiliki uvumbuzi huo. Ila alifanya hesabu yake, akaona kwamba mota ya namna hiyo haitaweza kutoa zaidi ya nusu ya nguvu inazopewa, basi akaihesabu kuwa kitu cha kufundishia darasani. Mwalimu mkubwa alifungua mlango, akasimama kizingitini asiingie.

Nikola Tesla, Mserbia aliyezaliwa mwaka 1856 huko Smiljan, katika nchi ya leo ya Kroatia, alikuwa amehamia Marekani. Mwezi wa Mei 1888 alipewa hati za mota iliyotumia wazo lilo hilo, na mwaka uo huo George Westinghouse akazinunua. Mota ambazo Westinghouse alianza nazo zilitumia mikondo miwili. Sifa za Tesla ni nyingi, na wako wanaomtwalia sifa zote za jambo hili. Mimi naona si haki. Maana aliyetupa nyaya tatu kama zitumikavyo viwandani hadi leo ni mtu ambaye jina lake halitajwi sana.

Huyo ni Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1862. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha Riga wakati Tsar Aleksandr wa Pili alipouawa mwaka 1881. Serikali iliwatia mkononi vijana wengi walioshukiwa siasa, na yeye akafukuzwa chuoni. Akaenda Darmstadt, Ujerumani, akamaliza masomo, kisha akaajiriwa na kampuni ya AEG ya Berlin. Aliposoma maandishi ya Ferraris aliona papo hapo kosa lilipo: hesabu ilikuwa sawa, lakini iliegemea mota isiyofaa. Mwaka 1889 alitengeneza mota yenye kiini cha chuma kilichozungushiwa fito za shaba, zilizoungwa kwa pete huku na huku mfano wa kizimba. Kiini hicho hakikuunganishwa na waya wo wote wa nje. Hakikuwa na burashi za kuchakaa wala cheche za kuruka. Mota iliyo chini ya kerezo la fundi wetu ni mjukuu wa mota hiyo, na akiifungua atakiona kizimba kile kile.

Tena Dobrovolsky alichagua mikondo mitatu. Sababu yake waijua ikiwa umewahi kusikia mahindi yakitwangwa. Mtwangaji mmoja akitwanga peke yake, kinu hupigwa, kisha hungoja mchi upande na kushuka. Wakiwa watatu, kila mmoja akishusha mchi kwa zamu yake, kinu hakipumziki kamwe, wala mahindi hayajui ni mchi gani uliowapiga. Ndivyo ulivyo umeme wa awamu tatu, ambao mafundi huuita fezi tatu. Umeme wa nyumbani, ubadilikao mara 50 kwa sekunde, huipa mota nguvu kwa misukumo 100 kwa sekunde, na katikati ya msukumo na msukumo nguvu hufika sufuri. Fezi tatu zilizo sawa hutoa nguvu isiyopanda wala kushuka. Mwenye kerezo huliona jambo hili kwa macho: chuma kilichokerezwa kwa mota ya fezi tatu mara nyingi hutoka laini, hali kile cha mota ya fezi moja huweza kubaki na mawimbi madogo yanayong'ara mwangani.

Liko na jambo la pili, na hili ulijaribu kwa kalamu. Wakati waya wa kwanza umefika kilele chake na kupeleka mbele mkondo wa ampea 10, waya wa pili na wa tatu huwa zinarudisha nyuma ampea 5 kila mmoja. Mkondo wa waya wa kwanza ukishuka hadi sufuri, wa pili huwa na ampea 8.66 mbele na wa tatu 8.66 nyuma. Chukua nukta yo yote ya wakati uipendayo. Jumla ya nyaya tatu ni sufuri daima. Kwa hiyo hapahitajiwi waya wa kurudishia. Kila waya ni njia ya kurudi ya wenzake. Shaba inayohitajiwa kupeleka nguvu ile ile kwa volti zile zile na kwa upotevu ule ule ni robo tatu tu ya ile ya nyaya mbili. Awamu nne au tano zingefanya kazi pia, lakini huongeza nyaya bila kuongeza faida ya maana. Ila, msomaji, kumbuka sharti: hesabu hii nzuri husimama tu iwapo tatu hizo ni sawa kwa kiasi, na kila moja yashika zamu yake barabara. Mtwangaji mmoja akiwa dhaifu, au akikosea zamu, michi hugongana.

Wako wengine waliofikia mikondo mitatu karibu wakati ule ule, kama Haselwander huko Ujerumani na Wenström huko Uswidi, na mabishano juu ya nani alitangulia yalijaza karatasi nyingi za mahakama. Tuwaache. Kilichoushawishi ulimwengu si karatasi bali ni maonyesho ya umeme ya Frankfurt, mwaka 1891.

Wakuu wa mji wa Frankfurt walikuwa wamekwama: walitaka kujenga kituo cha umeme, lakini kila mtaalamu alisifu mkondo wake. Mhandisi Oskar von Miller, aliyeongoza maonyesho, akashauri jambo ambalo wengi waliliona ni wazimu. Huko Lauffen, kando ya mto Neckar, palikuwa na kiwanda cha saruji chenye nguvu ya maji. Umeme utolewe huko, usafirishwe hadi Frankfurt, mwendo wa kilomita 175, umbali unaozidi kidogo ule wa Nairobi hadi Nakuru. Charles Brown wa kiwanda cha Oerlikon, Uswisi, alitengeneza jenereta. Dobrovolsky na kampuni yake wakatengeneza mota na sehemu ya transfoma. Milingoti kama 3,000 ikasimamishwa, na juu yake nyaya tatu za shaba, kila mmoja unene wa milimita 4 tu, si mnene kuliko kalamu ya risasi. Volti zilikuwa 15,000. Ruhusa ilibidi iombwe kwa tawala kadhaa, kwa maana Ujerumani ya siku zile ilikuwa bado ina falme zake ndogo ndogo.

Mwezi wa Agosti 1891 swichi ilifungwa. Kule Frankfurt taa 1,000 ziliwaka, na mota ya nguvu farasi 100 ikaanza kupandisha maji juu ya mwamba wa kutengeneza, yakaporomoka mbele ya umati. Watu walikuwa wakitazama maporomoko yaliyosukumwa na mto ulio mbali nao kilomita 175. Wapimaji walikuja kuthibitisha kwamba kama robo tatu ya nguvu zilizotoka Lauffen zilifika salama. Tangu hapo mabishano yalianza kuzimika. Hata huko Niagara, Marekani, ambako jenereta za kwanza zilitoa awamu mbili, umeme uliopelekwa mji wa Buffalo mwaka 1896 ulibadilishwa kuwa wa awamu tatu kwa ajili ya safari, kwa transfoma za mpango wa Charles Scott.

Kwetu Afrika Mashariki nyaya tatu zilifuata. Kampuni za umeme za Mombasa na Nairobi ziliungana mwaka 1922 kuwa East African Power and Lighting, na sehemu yake ya Kenya ikabadilisha jina mwaka 1983 kuwa Kenya Power and Lighting. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa huko Jinja, na kabla ya miaka kumi ile kwisha Kenya ilikuwa ikinunua umeme wake. Ukisafiri leo kando ya njia yo yote kubwa ya umeme, hesabu nyaya nene zinazoning'inia kwenye minara: utazikuta ni tatu, au mafungu ya tatu tatu.

Basi kwa nini fundi wetu amepewa moja tu? Si kwa ubaya wa mtu. Taa na pasi hazijali zamu. Zatosheka na waya mmoja na wa kurudishia. Kwa hiyo katika mtaa, nyumba ya kwanza huungwa katika waya wa kwanza, ya jirani katika wa pili, ya tatu katika wa tatu, kisha huanza tena. Kila nyumba imepata kidogo, na kampuni imepata usawa, maana mizigo ya nyumba nyingi ikijumlishwa hukaribia kulingana katika nyaya zote tatu. Usawa ule ambao Dobrovolsky alitaka uwemo ndani ya mota moja, hapa umetandazwa juu ya mtaa mzima. Na kule mashambani, mara nyingi nyaya zote tatu hazifiki kabisa. Tawi lililofika kijijini lina fezi moja tu, kwa sababu ya gharama.

Sasa twende kwenye siri ambayo fundi akiijua hulala usingizi. Ukiipa mota ya fezi tatu nyaya mbili tu, haitazunguka. Itanguruma mahali pake na kupata moto, na ukiiacha itaungua. Sababu ni kwamba sumaku yake inabembea tu kama lile jiwe letu la kwanza, haijapata msukumo wa pembeni. Lakini wazee wa kazi waligundua kwamba mota hiyo ikisaidiwa kuanza, tuseme kwa kuvutwa kwa kamba, huendelea kuzunguka yenyewe. Na ikishazunguka, sumaku ya kizimba chake huzunguka pamoja nayo, ikikata koili zote tatu. Na katika ule mguu wa tatu usiounganishwa na kitu huzuka umeme, unaofika karibu na zamu yake halisi! Mota imekuwa jenereta ya waya uliokosekana. Katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, Riccardo Arnò, aliyefanya kazi pamoja na Ferraris huko Torino, alitumia jambo hili kutengeneza chombo cha kuzalisha awamu tatu kutoka katika moja. Mota moja huachwa ikizunguka bila kazi, na nyingine hula kutoka kwake.

Hiki si kichezeo. Mwaka 1915 treni za makaa za reli ya Norfolk and Western, katika milima ya Marekani, zilivutwa na injini zilizochukua fezi moja kutoka waya wa juu na kujitengenezea tatu ndani yake. Huko Hungaria, Kálmán Kandó alibuni injini za namna hiyo kwa reli ya Budapest hadi Hegyeshalom, zikaanza kazi mwaka 1932, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Kilichozisukuma treni chaweza kuliendesha kerezo.

Lakini kumbuka niliposema "karibu". Waya huu wa kuzalishwa si sawa kabisa na wenzake. Volti zake hupungua, na hupungua zaidi kazi ikiongezeka. Wahandisi wa reli waliona mota zao zikipata moto kupita hesabu, na hapo akaja Charles Fortescue. Alizaliwa mwaka 1876 katika kituo cha biashara ya manyoya kando ya Ghuba ya Hudson, Kanada, mahali pasipo na umeme wala matumaini ya kuupata. Mwishoni mwa mwaka 1913 alianza kuchunguza kwa hesabu mwenendo wa mota zilizopewa nyaya tatu zisizo sawa, na mwaka 1918 akatoa jibu ambalo wahandisi wa dunia nzima hulitumia hata leo. Alionyesha kwamba nyaya tatu zisizo sawa ni kama mchanganyiko wa vitu vilivyo sawa: fungu moja la mikondo mitatu linalozunguka mbele, fungu jingine linalozunguka kinyume, na la tatu ambalo halizunguki. Kwa nyaya tatu zisizo na wa kurudishia, hilo la tatu haliingii katika mota. Lile la kinyume ndilo adui. Ni mkono usioonekana unaoirudisha mota nyuma wakati wenzake wanaisukuma mbele. Halipunguzi nguvu nyingi, lakini kwa kuwa linakutana na kizimba kikienda upande wa pili, hulikata kwa kasi karibu maradufu, na kuzalisha mikondo ya joto bure.

Kipimo chake ni rahisi. Tuseme fundi amepima kati ya nyaya zake akapata volti 240, 234 na 246. Wastani ni 240, na tofauti kubwa kabisa na wastani ni 6, yaani 2.5 kwa mia. Yaonekana ni kidogo. Lakini tofauti ya mikondo ndani ya mota huweza kuwa mara sita hadi kumi ya hiyo, na hapo waya mmoja wa mota utakuwa ukibeba mzigo uliozidi sana ule wa wenzake. Kwa hiyo mafundi wazuri hutaka tofauti ya volti isizidi moja kwa mia ikiwezekana, na ikipita tano kwa mia huzima mashine.

Dawa ya kusawazisha yatokana na mtu mwingine aliyekimbia kwao kwa ajili ya siasa. Charles Proteus Steinmetz, mwenye kibiongo na akili isiyo ya kawaida, alitoroka Breslau mwaka 1888, akafika New York mwaka 1889. Yeye ndiye aliyewafundisha wahandisi kuuhesabu mkondo geu kwa wepesi, na jina lake limebaki katika mpango wa kuunga kapasita kati ya waya uliopo na waya uliokosekana. Kapasita ni chombo kinachouwahisha mkondo kabla ya zamu yake. Ukikipima vizuri, kinaujaza ule upungufu. Kwa volti 230 na mizunguko 50, mafundi huanzia mikrofaradi 70 hivi kwa kila kilowati ya mota. Mota ndogo huweza kuendeshwa hivyo peke yake, bila mota ya pili, ila hupoteza sehemu ya nguvu zake na hasa nguvu ya kuanzia. Tatizo la kapasita ni kwamba husawazisha mzigo mmoja tu. Zilizofaa kisu kikiwa ndani ya chuma huzidisha volti za waya wa tatu kisu kikitolewa. Basi fundi huchagua katikati, kwa ile kazi aifanyayo mara nyingi.

Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini kikaja chombo kingine, ambacho mafundi hukiita inveta. Hiki huchukua umeme wa nyumbani, hukigeuza kuwa mkondo mnyoofu, kisha huukatakata kwa swichi za elektroniki mara maelfu kwa sekunde hata zikatoka awamu tatu zilizo sawa, kwa mwendo wo wote utakiwao. Ajabu yake ni kwamba mkondo mnyoofu wa Edison, ulioshindwa Frankfurt, umerudi na kukaa katikati ya nyumba ya mshindi wake.

Fundi wetu aliye na kerezo moja lenye mota moja, na amshukuru Mungu, inveta yamtosha. Lakini na asome tena kile kibao. Inveta ya kawaida ikipewa volti 240 hutoa 240, wala si 415. Ikiwa kibao chasema 240/415, basi ndani ya kisanduku cha mota koili zimefungwa kwa nyota, na zaweza kufungwa upya kwa pembetatu ili zipokee 240. Mipango hiyo miwili nayo ni kazi ya Dobrovolsky. Ikiwa chasema 415 peke yake, itabidi transfoma, au mota ifunguliwe na mtaalamu. Na mwenye mashine tatu nne, zenye swichi zake na pampu zake za maji ya kupozea, mara nyingi huona mota ya Arnò ni nafuu: moja huzunguka pembeni, yenye nguvu kuzidi mashine kubwa kuliko zote alizo nazo, na nyingine zote hula kwake. Katika mpango huo, vifaa vya kuwashia na kuzimia viungwe kwenye nyaya mbili zilizotoka nje, kamwe visiungwe kwenye waya wa kuzalishwa, kwa sababu volti zake huyumba mashine ianzapo.

Kazi hii ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, nao waua kama ule wa ukutani. Wewe mwanafunzi soma, uliza, simama kando utazame.

Mwisho wa yote, kabla kisu hakijagusa chuma, fundi atabonyeza swichi mara moja na kuiachia, akitazama kerezo lazunguka upande gani. Likizunguka kinyume, hapana haja ya kuogopa wala kufungua mota. Atazima umeme kabisa, abadilishane mahali nyaya mbili zo zote katika zile tatu, afunge kisanduku, awashe tena.